Merle Amenya Chungwa

Simu ilipoingia kutoka Bustani ya Stoddard, Eliseo Baca alikuwa juu ya paa la nyumba yake mjini Colton, akiziba nyufa kwa lami. Mkewe, Nadine, alitoka uani na simu mkononi, akijikinga jua kwa kiganja.

"Shuka, baba. Wanakuulizia habari za Merle."

"Merle ana nini?"

"Wanasema huenda wakamtoa."

Eliseo alishuka ngazi mbio kuliko inavyomfaa mtu aliyekwisha kustaafu, na Nadine hakuacha kumwambia hivyo.

Katika pembe ile ya California hakuna aliyekulia pale asiyemjua Shangazi Merle. Alikuwa mwanamke wa chuma na mpira, amevaa aproni, ameketi kwenye kibaraza cha mbao katikati ya bustani ya michezo. Alikuwa na kapu la machungwa miguuni na kisu kidogo mkononi. Watu walipanga foleni juani ili wamsikilize akisimulia habari za baridi iliyoua mashamba, za majiko ya moshi yaliyowashwa kati ya miti ili matunda yasigande, na za msimamizi mmoja mwenye kiburi aliyeangukia kwenye tangi la kuoshea machungwa. Watoto waliamini yu hai. Watu wazima walijua si hai, na bado walimwamkia.

Aliyemfundisha Merle kuinua mkono, kugeuza shingo na kucheka kwa mabega, tangu mwaka sabini na tisa, alikuwa Eliseo.

Aliyepiga simu aliitwa Quyen Dang, mhandisi na mkuu wa karakana ya bustani. Alieleza bila kuzunguka. Merle amezeeka na mabomba yake ya mafuta hayatengenezwi tena popote. Wamemjenga Merle mpya, wa umeme mtupu. Lakini mwenye bustani, Bi. Lenore Stoddard, alikuwa amekwisha kufuatwa na wauza skrini. Walitaka kibaraza kivunjwe, uwekwe ukuta mkubwa unaong'aa, na Merle awe picha tu inayobadilishwa kila msimu.

"Atakuja Alhamisi kumwona huyu mpya," Quyen alisema. "Ametupa sharti moja. Amesema, nionyesheni Merle ninayemjua, la sivyo naweka skrini."

"Merle anayemjua ni wangu."

"Ndiyo maana nakupigia, mzee. Njoo uniambie kama huyu ndiye."

*

Jumatatu asubuhi Eliseo aliendesha gari hadi nyuma ya banda la garimoshi dogo, mahali wasipofika wageni, ndipo ilipo karakana. Alivaa shati lililopigwa pasi na tai. Mlangoni alimkuta Russ Toomey amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula donati. Russ alikuwa fundi wa mafuta. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza akikaza mabomba ya Merle na kufuta yaliyovuja.

"Ha! Profesa mwenyewe," Russ alisema. Alimwita Profesa tangu siku Eliseo alipoanza kusoma masomo ya umeme jioni, chuoni San Bernardino, na jina likamganda. "Na tai juu! Umekuja kazini au umekuja kuposa?"

"Nimekuja kuona kama bado hujafa, mzee wa matambara."

"Nife, nani atamfuta Merle mafuta kwapani?"

Waliingia pamoja. Upande wa kulia, pale pale palipokuwa pao sikuzote, walisimama wakubwa wa ukoo: Merle wa kwanza na Merle wa pili. Eliseo alivua kofia, kama alivyozoea kila alipowapita.

Merle wa kwanza alitengenezwa wakati bustani ilikuwa bado shamba zaidi kuliko bustani. Chini ya kiti chake ulipita mtaimbo wenye visahani vya chuma, na ukingo wa kila kisahani ulichongwa kwa tupa ukawa na vilima na mabonde. Mtaimbo ulipozunguka, kigurudumu kilipanda kilima na mkono wa Merle ukainuka. Kiliposhuka bondeni, mkono ukashuka. Kutaka atikise kichwa kidogo tu zaidi ilikuwa ni kuchonga kisahani kingine kuanzia mwanzo. Alijua mambo matatu: kutikisa kichwa, kufumbua kinywa, na kupeleka kisu mbele na nyuma. Hata hivyo watu walitoka Nevada kuja kumtazama, nao walirudi kwao wakisimulia.

Merle wa pili alikuwa wa hewa. Mipira myembamba ilimpita mwilini kama mishipa, na kwenye kanda ya sumaku, kando ya sauti yake ya kusimulia, zilirekodiwa filimbi ambazo wageni hawakuzisikia. Kila filimbi ilifungua vali yake. Huyu aliweza kukonyeza macho na kuchezesha midomo ikaendana na maneno, jambo ambalo kabla ya hapo lingeitwa uchawi. Lakini hewa haina katikati. Mkono wa hewa ama uko juu ama uko chini, na ukipanda unatoa sauti kama paka aliyekanyagwa. Ni zama zake huyu Eliseo alipoingia karakana hii, kijana kutoka kiwanda cha ndege, cheti cha ufundi kikiwa bado kinanukia wino.

Nafasi ya Merle wa tatu ilikuwa tupu, kwa sababu yeye alikuwa bado kazini, kule kibarazani. Huyo ndiye Merle wa mafuta. Mafuta yenye presha yana nguvu, na tena yanaweza kusimamishwa popote kati ya juu na chini. Kwa mara ya kwanza mkono ukaweza kusita, ukafikiri, ukaendelea. Eliseo aliketi mbele ya ubao wa swichi za kuzungusha kama za redio, na kompyuta yenye ukubwa wa friji ikakumbuka kila alichokizungusha. Alifanya kiungo kimoja kimoja: kiuno kwanza, kisha bega juu ya kiuno, kisha kiwiko juu ya bega, kama mtu anayepaka rangi tabaka juu ya tabaka. Na kabla ya hayo yote alianza na pumzi, maana desturi ya karakana ile haikuvunjwa na yeyote: mtu hapewi hata kope kabla hajapewa pumzi.

Wa nne alikuwa amekaa katikati ya chumba, chini ya taa, aproni kifuani na kichwa hakina nywele.

"Wigi liko kwa msusi," Quyen alisema. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono ya shati imekunjwa, bisibisi nyuma ya sikio. "Karibu, Bwana Eliseo. Nimekulia Garden Grove. Kila siku yangu ya kuzaliwa nililetwa kwa Merle wako. Nilisomea uhandisi kwa ajili yake."

Maneno hayo yalimwingia Eliseo vizuri, lakini hakuyaonyesha. Alimzunguka Merle mpya. Hakukuwa na bomba wala harufu ya mafuta. Kila kiungo kilikuwa na mota yake, hata vidole, na ngozi ilikuwa ya silikoni laini, yenye mikunjo ya mtu aliyezeekea juani.

"Sura ni yake," alisema hatimaye. "Sasa mtilie kazi yangu. Kama ilivyo. Usiongeze wala usipunguze."

"Nimekwisha kuihamisha yote. Lakini nina wasiwasi, mzee. Kazi ile ilifanywa kwa ajili ya mafuta."

"Kazi ile ilifanywa kwa ajili ya Merle."

Quyen alimtazama Russ. Russ akatazama donati yake.

"Haya," Quyen alisema, akabonyeza.

Merle akafumbua macho, akaanza. Eliseo aliijua kila hatua: sasa bega, sasa shingo, sasa kisu. Kila kitu kilikuja mahali pake, na kila kitu kilikuwa kibaya. Mkono ulianza kuondoka kabla ya wakati, ukaenda taratibu mno, kisha ukasimama kimya kama mlango uliofungwa. Kichwa kiligeuka, kikaganda. Alipofika mahali pa kucheka, mabega yalipanda na kushuka kama ya mtu anayeogopa kutonesha kidonda.

"Jamani," Russ alisema. "Huyu katoka hospitali leo? Mrudisheni, hajapona."

"Rudia," Eliseo alisema.

Quyen akarudia. Ikawa vile vile.

"Mota zako ni legelege, binti."

"Mota hazina kosa. Zinafanya ulichoandika, mzee. Ulichoandika hasa, bila kuacha hata unywele."

"Unataka kusema niliandika huyu mgonjwa?"

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema."

Alichukua kofia yake akatoka, akabamiza mlango.

*

Aliketi kwenye benchi ya nyuma kabisa mbele ya kibaraza, katikati ya akina mama na vigari vya watoto, akafungua tortila, mkate mwembamba wa mahindi, ya nyama na pilipili nyekundu aliyofungiwa na Nadine. Alitaka kumwona Merle wake, wa mafuta, ili roho itulie. Na kweli ilitulia. Yule mwanamke alisimulia habari za msimamizi na tangi, na kibaraza kizima kikacheka, na Eliseo akahisi kile alichokihisi sikuzote, kwamba amefanya jambo moja kubwa duniani na watu wamelipenda.

Kisha akaacha kutafuna.

Mkono wa Merle ulifika mwisho, ukasimama. Lakini haukusimama kabisa. Ulinesa kidogo, bega likazama, kiuno kikafuata, kichwa kikaja nyuma kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti. Ilikuwa nesanesa ndogo, na ilikuwa nzuri kuliko yote. Ndiyo iliyomfanya awe hai. Na Eliseo alijua, kwa sababu aliijua kazi yake kiungo kwa kiungo, kwamba hakuwahi kuiandika.

Yalikuwa mafuta. Mkono wa mafuta ukisimamishwa ghafla, mafuta yanarudi nyuma kwa kishindo, mwili mzima unatikisika, bomba linapasuka, na Russ anakuja mbio na matambara. Kwa hiyo kila aliyekaa kwenye ubao ule alijifunza kufunga breki. Alianza mwendo mapema na kuumaliza kwa kuubembeleza, na baada ya miaka breki ziliingia vidoleni, zikawa hazikumbukwi tena. Na ile nesanesa ndogo iliyobaki baada ya breki waliiona kila siku, wakaipenda, wakadhani ni ufundi wao. Alichokiandika Eliseo kilikuwa nusu. Nusu nyingine alipewa bure na mafuta.

Mashine mpya haikupewa mafuta. Ilipewa breki peke yake.

Alikaa hapo hadi maonyesho yakaisha na yakaanza tena. Mama mmoja kando yake akamwuliza kama anajisikia vizuri.

"Vizuri sana, mama," alisema. "Nimejua kitu leo."

*

Aliporudi karakana, Quyen alikuwa ameinamia kiwiko cha Merle.

"Futa," Eliseo alisema.

"Nifute nini?"

"Kazi yangu. Uliogopa kuniambia na ulikuwa na haki. Niliandika breki tupu. Leo ni Jumatatu. Tunaanza upya, tunaanza na pumzi."

"Mzee, Bi. Stoddard anataka Merle anayemjua."

"Huyo anayemjua hawezi kuingia humo. Tukimwiga, tutamletea mgonjwa, naye ataweka skrini kesho yake. Kuna njia moja tu, nayo ni kumfanya mzuri zaidi. Ubao wa swichi uko wapi?"

Quyen akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Hakuna ubao. Njoo huku. Kaa hapa kando yake. Sasa mshike kifundo cha mkono."

Eliseo hakusogea. "Nimshike?"

"Mshike, mwongoze. Unavyompeleka ndivyo atakavyokumbuka."

"Binti, maisha yangu yote sikuwahi kumkaribia Merle akiwa amewashwa."

"Mimi nilimkaribia mara moja," Russ alisema kutoka kwenye ndoo yake. "Akanipa kofi la mafuta. Hili jino la mbele si la Mungu, ni la daktari wa Riverside."

"Huyu hapigi," Quyen alisema. "Akigusa kitu asichokitegemea analegea. Mguse tu."

Eliseo akaketi. Akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa Merle, akavuta taratibu. Mkono ukaja. Ulikuwa mwepesi kama mkono wa mtoto aliyesinzia. Akauinua, akaushusha, akaugeuza. Kwa miaka yote alikuwa amemchezesha kutoka ng'ambo ya chumba, kwa swichi, kiungo kimoja kimoja. Sasa alikuwa amemshika mkono, naye alikuwa anakuja mzima.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Nipeni chungwa. La kweli."

Mama yake Eliseo, Refugio Baca, alifungasha machungwa katika kiwanda cha Stoddard hadi mgongo ulipomkataa. Jioni aliketi kwenye ngazi ya nyumba akimenya lile moja aliloruhusiwa kwenda nalo. Hakuzungusha kisu. Kisu kilitulia kama kimechomekwa ukutani, na chungwa ndilo lililozunguka, likisukumwa na kidole gumba cha mkono wa kushoto, na ganda likashuka refu, bila kukatika, hadi magotini. Mwaka sabini na tisa Eliseo alitaka Merle amenye vile. Haikuwezekana. Mkono wa kushoto wa Merle wa mafuta ulikuwa kipande kimoja, chungwa limegundishwa, ganda ni la mpira uliopakwa rangi. Kwa hiyo kisu ndicho kilichozunguka, na hadithi ikawa ya kuchekesha kiasi kwamba hakuna aliyetazama mikono.

Hakuna isipokuwa yeye.

"Vidole vya kushoto vinajua kugeuza?" aliuliza.

"Vinajua. Vinahisi hata ganda lilivyo nene. Havijapata tu mtu wa kuvifundisha."

Basi akavifundisha. Kwanza alimpa pumzi, kiganja chake kifuani pa Merle, akipumua naye hadi ikawa haijulikani nani anamfuata nani. Kisha mikono. Machungwa yaliharibika ndoo nzima, na Russ alikula yaliyoharibika, akilalamika kwamba anatumiwa kama nguruwe. Ganda lilikatika, kisu kiliteleza, chungwa lilianguka likabingirika chini ya meza. Na kila mkono ulipokaribia mwisho wa mwendo, Quyen alipaza sauti.

"Breki, mzee!"

"Sijafunga breki."

"Umefunga. Tazama bega. Unamwogopea bomba. Hana bomba!"

"Vidole vyangu havijui kama hana."

"Viambie."

Alikubali kukosolewa, na hilo lilimshangaza Russ kuliko mashine. Hadi Jumanne inakwisha breki zilikuwa zimeanza kumtoka vidoleni. Ile nesanesa ya mafuta hakuiacha ipotee. Safari hii aliitia yeye mwenyewe, kwa kujua, mahali ilipofaa na si mahali pengine. Bega likazama pale Merle alipoonekana kuchoshwa na kisa. Kiuno kilijiweka sawa kabla ya mzaha. Kilichokuwa bahati kikawa ufundi, na Eliseo alipokiona mara ya kwanza alisimama akatembea hadi ukutani na kurudi, maana asingeweza kukaa.

Jumatano walibaki na jambo moja. Merle alimenya vizuri, lakini alikuwa anatazama kisu, na akitazama kisu alifanana na mtu anayefanya mtihani.

"Macho niachie mimi," Quyen alisema. "Mama yangu humenya balungi huku akinigombeza. Mwanzo tu analitazama, kuona wapi pa kuanzia. Baada ya hapo macho yote yako kwangu, na mikono inaendelea yenyewe. Ndiyo maana nilikuwa namwogopa."

Akayatengeneza macho. Merle akatazama chungwa mara moja, akaweka kisu, kisha akainua uso na kumkazia Russ macho, akisimulia, huku ganda linashuka.

Russ akavua kofia. "Samahani, mama," alisema. Hawakujua kama anatania.

Eliseo alimgeukia Quyen. Tangu Jumatatu alikuwa akimwita binti. "Umefanya kazi kubwa, fundi," alisema, na katika karakana ile hakukuwa na cheo kikubwa kuliko hicho.

*

Bi. Lenore Stoddard alifika Alhamisi baada ya chakula cha mchana, kofia ya majani kichwani, viatu vya shambani miguuni. Aliketi kwenye kiti walichomwekea, akakunja mikono.

"Nionyesheni, ninyi watu," alisema. "Wale wa skrini walinipa shampeni."

"Sisi tuna donati, Bi. Stoddard," Russ alisema.

"Nimeona. Ziko kwenye ndevu zako. Haya, anzeni."

Quyen akabonyeza. Kifua cha Merle kilipanda, kikashuka, na kwa muda hakufanya jambo jingine lolote ila kupumua. Kisha akafumbua macho, akainama kapuni, akachagua chungwa. Aliligeuza mkononi. Akaweka kisu, akainua uso, akaanza kisa cha baridi, usiku baba mmoja alipochoma hata viti vya nyumbani ili miti yake isife. Chungwa lilizunguka. Ganda likashuka, likapita goti, likaning'inia likibembea, na harufu yake ikajaa karakana nzima. Kisa kikaisha na ganda likaanguka kapuni, moja, zima.

Bi. Stoddard aliinama kulitazama ganda. Aliinuka, akavuta kiti mbele, akaketi tena.

"Tena. Bila sauti."

Wakarudia bila sauti. Ilisikika tu sauti nyembamba ya kisu kwenye ganda.

"Huyu siye Merle ninayemjua," alisema.

Quyen aliinamisha kichwa. Eliseo akasimama, akanyoosha tai.

"Siye," alisema. "Hatuwezi kukudanganya, Bi. Stoddard. Yule unayemjua nilimfanya mimi, na ninajivunia, na nitajivunia hadi naingia kaburini. Lakini yule alikuwa anajifanya anamenya. Huyu anamenya. Huyu ni bora kuliko yule, kama yule alivyokuwa bora kuliko wa hewa, na wa hewa kuliko wa visahani. Hivi ndivyo tunavyofanya kazi hapa. Ukitaka wa zamani, hatunaye. Ukitaka aliye bora, ndiye huyu."

Mwenye bustani alielekeza kidole kwenye mikono ya Merle.

"Nani alikuonyesha kugeuza chungwa badala ya kisu?"

"Mama yangu. Refugio Baca. Alifungasha machungwa ya baba yako."

"Wote walimenya hivyo, wanawake wa meza zile," Bi. Stoddard alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilikuwa natoroka nyumbani nikae nao mapumzikoni, chini ya meza, baba ananitafuta shamba zima. Walinipa vipande wakiwa wanapiga soga. Hawakutazama kisu hata kidogo. Miaka yote nimemwona yule Merle wenu wa mafuta akizungusha kisu, nikajua kuna kitu kimekosewa, nisikijue ni nini. Nikadhani ni mimi ninayesahau."

Akainuka, akamwendea Merle. Quyen alianza kusema neno, akalizuia. Bi. Stoddard alinyoosha mkono akashika chungwa lililomenywa, akavuta. Vidole vya Merle vilihisi mvuto, vikalegea, vikaliachia.

Akaligawa pale pale. Kipande kwa Quyen, kipande kwa Russ, kipande kwa Eliseo, kimoja akatia kinywani mwake.

"Ni chachu," alisema, akikunja uso.

"Ni mwezi wa tatu, Bi. Stoddard," Eliseo alisema. "Yasubiri hadi wa tano."

"Najua msimu wa machungwa yangu, Baca." Alijifuta vidole kwenye suruali. "Skrini yao wakaiweke kwenye maegesho, iwaonyeshe watu pa kuweka magari. Kibaraza kibaki. Jumamosi ijayo mtoeni yule wa mafuta kwa heshima, mumpange na wenzake pale mlangoni, na huyu aingie. Na mumtafutie nywele, hawezi kukutana na watu akiwa hivyo."

Russ alipiga kelele ya furaha iliyosikika hadi kwenye banda la garimoshi. Quyen akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akacheka na kufuta macho kwa mkono wa shati.

Bi. Stoddard alikuwa amekwisha kurudi kitini. Aliivua kofia yake ya majani, akaiweka magotini.

"Sasa amenye jingine," alisema, "na sauti iwepo. Mara mbili nimetazama mikono, hadithi yenyewe sijaisikia."

Eliseo aliinamia kapu, akayatazama machungwa moja moja bila haraka, akachagua kubwa lenye ganda laini. Akaliweka katika kiganja cha kushoto cha Merle, akavifunga vidole vyake juu yake. Kisha akasogea kando, ili asimzibie Bi. Stoddard.